“Nimeambiwa” na “Limenijia”: Tahakiki ya Lugha ya Maongozi katika Sala ya Tafakari huko Butembo na Beni

1. Utangulizi

Katika parokia za Jimbo Katoliki la Butembo-Beni, Kiswahili hutumika sambamba na Kinande katika mahubiri, nyimbo, kitubio na mikutano ya vyama vya kitume. Kifaransa kwa upande wake kimebaki kuwa lugha ya seminari, ya chuo kikuu na ya vitabu vya teolojia. Mgawanyo huo wa kazi una matokeo ambayo hayajapewa uzito unaostahili. Padri au mtawa hujifunza sala ya tafakari kwa Kifaransa, kisha huifundisha kwa Kiswahili. Kati ya lugha hizo mbili ndipo istilahi huzaliwa, na mara nyingi huzaliwa kwa haraka, mbele ya waumini, bila kamusi wala kamati.

Makala haya yanahakiki sehemu moja ya istilahi hizo, yaani maneno yanayotumika kutaja kile ambacho Mkristo hupokea anapotafakari: wazo linaloingia ghafla, mvuto wa kutenda jambo fulani, amani au fadhaa isiyotarajiwa, neno la Maandiko linalomgusa kuliko mengine. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili hakikosi nyenzo za kulieleza jambo hili kwa makini. Kina nyenzo nyingi, baadhi zikiwa bora kuliko zile za Kifaransa, ila maneno yaliyoenea zaidi katika vikundi vya sala ndiyo yanayofunga mlango wa kuuliza, na yale yanayouacha wazi hayatumiki ipasavyo.

Suala hili si anasa ya kitaaluma. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imeshuhudia mauaji ya halaiki ya raia, na watu wengi wamelazimika kuhama vijiji vyao zaidi ya mara moja. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Mangina, Beni, Butembo na vitongoji vyake vilikumbwa na mlipuko wa Ebola ulioua watu zaidi ya 2,200. Katika mazingira kama hayo, mtu anayetoka katika sala na kusema kwamba amepewa neno juu ya kukimbia au kubaki, kwenda kituo cha afya au kutokwenda, kumwamini jirani au kumshuku, hasemi jambo la faragha. Sentensi yake itabebwa na wengine. Kwa hiyo hapana budi kuichunguza sentensi yenyewe, na si nia ya msemaji tu.

2. Dhana katika mapokeo ya Kanisa

Kabla ya kuyahakiki maneno, ni vema kueleza kwa ufupi dhana inayotafutiwa jina. Katika karne ya 5, Yohane Kasiano aliandika mazungumzo yake na wazee wa jangwa la Misri. Katika mazungumzo ya kwanza, Aba Musa anaeleza kwamba mawazo ya mtu anayesali yana asili tatu: Mungu, Shetani na mtu mwenyewe. Kisha anamfananisha mtawa na mbadilishaji fedha stadi, ambaye huikagua kila sarafu: je, ni dhahabu kweli au ni shaba iliyopakwa rangi? Sura iliyochorwa juu yake ni ya mfalme halali? Uzito wake umetimia? Msomaji wa Butembo hahitaji kuelezwa mfano huu kwa kirefu. Katika mji huo wa wafanyabiashara, noti ya dola iliyochanika kidogo ukingoni hukataliwa, na mnunuzi wa dhahabu hamlipi mchimbaji kabla ya kutumia mizani.

Karne 11 baadaye, Ignas wa Loyola aliyakusanya mang’amuzi ya namna hiyo katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Humo mna kanuni 14 kwa wanaoanza na kanuni 8 kwa waliosonga mbele, zote zikihusu jinsi ya kutambua mienendo inayotokea moyoni, kuipokea iliyo njema na kuikataa iliyo mbaya. Neno alilolitumia kwa Kihispania lina maana ya mwendo au mtikisiko, na limewekwa katika wingi. Hilo ni jambo la kuzingatia. Kwake yeye, kinachotokea moyoni ni vitu vingi vinavyokwenda na kurudi, wala si sauti moja yenye mamlaka.

Kutokana na mapokeo hayo yanaweza kuchujwa maswali matatu ambayo kila maongozi hupaswa kuulizwa. Kwanza, linatoka wapi? Pili, linaelekea wapi, maana Ignas anataka mwanzo, kati na mwisho wa wazo vichunguzwe vyote? Tatu, ni lipi hasa lililopokewa, na ni lipi lililoongezwa na mpokeaji mwenyewe? Maswali hayo ndiyo kipimo cha tahakiki hii. Neno la Kiswahili litahesabiwa kuwa linafaa iwapo linaruhusu maswali hayo yaulizwe. Likiyazuia, litahesabiwa kuwa na kasoro, hata kama linasikika tamu masikioni.

3. Nomino: maongozi, uvuvio, ufunuo, msukumo

Nomino iliyo rahisi zaidi kupatikana ni “maongozi”. Imetokana na kitenzi “ongoza”, na umbo lake la ngeli ya ma- linaashiria mambo mengi au ya kuendelea. Kasoro yake ni kwamba katika lugha ya katekisimu neno hilo limekwisha kuajiriwa kwingine. “Maongozi ya Mungu” ni jinsi Mungu anavyoitunza na kuielekeza dunia yote kwenye lengo lake. Maongozi hayo hayapimwi na mtu, kwa kuwa huaminiwa tu. Neno hilohilo linapotumika kwa wazo lililomjia mtu asubuhi akitafakari Injili, linarithi uzito usiolistahili. Wazo dogo la mtu mmoja linavikwa joho la mpango wa Mungu kwa ulimwengu.

“Uvuvio” nao una historia nzuri. Kitenzi “vuvia” kinamkumbusha msikilizaji mtu anayepuliza makaa ili moto uwake, na kwa hiyo kinakaribiana sana na maana ya asili ya Kilatini, ambako neno linatokana na pumzi. Hata hivyo, teolojia imelitenga neno hili kwa Maandiko Matakatifu: waandishi wa Biblia walivuviwa. Kumwambia mwanakikundi wa sala kwamba amepata uvuvio ni kumweka, bila kukusudia, katika safu moja na Isaya na Mathayo. “Ufunuo” ni hatari zaidi, kwani Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya ufunuo wa Mungu, ulisisitiza kwamba hakuna ufunuo mwingine wa hadhara unaotazamiwa kabla ya kurudi kwa Kristo. Anayesema “nilipata ufunuo” huenda hamaanishi hivyo, lakini neno lenyewe linamaanisha.

“Msukumo” umeingia karibuni kutoka katika lugha ya magazeti na ya shule. Faida yake ni unyenyekevu. Msukumo unaweza kutoka popote, na mtu aliyesukumwa anaweza kuulizwa ni nani aliyemsukuma. Zaidi ya hayo, una wingi ulio dhahiri, “misukumo”, na kwa namna hiyo unalikaribia neno la Ignas kuliko nomino zote zilizotajwa. Upungufu wake ni kwamba unaeleza nguvu inayotoka nyuma tu. Mtu anaposali hutokea pia kwamba kitu kilicho mbele yake humvuta: sura ya Kristo, taswira ya mgonjwa anayehitaji kutembelewa, hata taswira ya cheo. Hapo neno “mvuto”, wingi “mivuto”, linafaa zaidi. Misukumo na mivuto kwa pamoja hujaza eneo lote ambalo “maongozi” yamelikalia pasipo haki.

4. Kitenzi na mtenda aliyefichwa

Nomino husikika zaidi mimbarani. Katika kikundi cha sala kinachotawala ni kitenzi, na hapa ndipo tatizo lenyewe lilipo. Sentensi tatu zifuatazo zinatosha kuonyesha tofauti:

(a) Mungu ameniambia tuhame.
(b) Nimeambiwa tuhame.
(c) Limenijia wazo la kuhama.

Sentensi (a) ina mtenda aliye wazi. Msikilizaji amewekewa njia mbili tu: akubali, au amshuku msemaji kwamba amemsingizia Mungu. Njia zote mbili ni ngumu, lakini angalau dai lenyewe limetamkwa na linaweza kukabiliwa.

Sentensi (b) iko katika kauli ya kutendwa bila kumtaja mtenda. Katika maongezi ya kawaida kauli hiyo haina ubaya wowote. Mtu akisema sokoni “nimeambiwa bei ya maharagwe imepanda”, atajibiwa papo hapo: “Na nani?” Swali hilo ni sehemu ya sarufi ya mazungumzo. Kauli ya kutendwa isiyo na mtenda huacha nafasi tupu, na msikilizaji ana haki ya kuomba ijazwe. Katika kikundi cha sala haki hiyo hupotea. Hakuna anayeuliza “na nani?”, kwa kuwa mazingira yenyewe yamekwisha kuijaza nafasi. Hivyo sentensi (b) inatoa dai lilelile la sentensi (a), lakini bila kulitamka. Msemaji hakusema kwamba ni Mungu, wala msikilizaji hawezi kulikanusha jambo ambalo halikusemwa. “Nimeonyeshwa”, “nimefunuliwa”, “nimepewa neno”, “nimetumwa”: vitenzi vyote hivi hufuata mkondo huohuo.

Haki inadai kukiri kwamba kauli hii ina asili ya heshima pia. Katika Biblia yenyewe, kauli ya kutendwa isiyo na mtenda hutumiwa mara kwa mara ili kutolitaja Jina la Mungu ovyo. Mzee wa Kinande anayesema “nimeonyeshwa” badala ya kumtaja Nyamuhanga huenda anaongozwa na staha hiyohiyo. Lakini staha kwa Mungu haipaswi kugeuka kuwa kinga dhidi ya wanadamu wenzake.

Sentensi (c) ina muundo mwingine kabisa. Kiima ni “wazo”, na mtu amebaki kuwa yambwa: l(i)-me-ni-j-ia. Kitenzi “ja” kimewekwa katika kauli ya kutendea, kwa hiyo kinataja kuwasili tu. Kinasema kwamba kitu kimefika kwa msemaji bila yeye kukitafuta, na hapo kinaulinda ukweli wa mang’amuzi yake, maana kweli hakulitunga wazo hilo kwa makusudi. Lakini hakisemi limetoka wapi. Kila kilichokuja kimetoka mahali, kwa hiyo swali “limetoka wapi?” linabaki halali, na kwa hakika linaitwa na kitenzi chenyewe. Kwa maneno mengine, sarufi ya Kiswahili imehifadhi ndani ya kitenzi kimoja msimamo ambao Kasiano na Ignas walihitaji kurasa nyingi kuufundisha: pokea, lakini usiseme bado ni la nani.

Semi za kila siku zinaunga mkono jambo hili. “Moyo unanituma”, “moyo unasita”, “moyo haunipi”: zote zinauweka moyo kuwa kiima na kumwacha mtu nafasi ya kukubali au kukataa. Mtu anayesema “moyo unanituma” amekiri kwamba yupo mtumaji na yupo mtumwa, na kwamba safari bado haijaanza.

5. “Roho” na ngeli yake

Tatizo la pili linalihusu neno “roho”. Usemi uliozoeleka katika tafsiri za Kiswahili ni “kupambanua roho”. Kwa Kifaransa, kama kwa Kigiriki cha Mtume Paulo, neno hilo liko katika wingi unaoonekana. Kwa Kiswahili, “roho” ni ya ngeli ambayo umbo la umoja na la wingi halitofautiani. Wingi hujitokeza katika upatanisho tu: roho hii, roho hizi. Katika usemi “kupambanua roho” hakuna upatanisho wowote wa kumsaidia msikilizaji, na kwa hiyo wingi umefichika. Muumini anaweza kuelewa kwamba anaagizwa kumtambua Roho, yaani Roho Mtakatifu, badala ya kuzichuja roho mbalimbali. Badala ya kupima, atajiona anaitwa kuthibitisha.

Katika Kiswahili cha Kivu utata huo huongezeka. Huku “roho” hutaja pia kile ambacho Kiswahili cha pwani hukiita moyo: mtu huumwa na roho, huwa na roho mbaya, hufanya jambo kwa roho yote. Kwa hiyo msikilizaji mmoja anaweza kusikia katika neno hilohilo Nafsi ya tatu ya Utatu, pepo, uhai wa mtu na hisia zake. Mtu akisema “roho inaniambia nisiende”, je, amenena habari ya Mungu au ya woga wake? Sentensi haisemi. Huenda yeye mwenyewe hajui, na kutojua huko si kosa. Kosa huanza pale utata wa neno unapotumiwa kuvuka kutoka maana moja hadi nyingine bila mtu kugundua.

Dawa haiko mbali. Kinande kina “omutima” kwa maana ya moyo, na Kiswahili cha ushairi wa kale kina “mtima” wa asili hiyohiyo ya Kibantu. Mwalimu wa sala anayewafundisha wasemaji wa Kinande anaweza kuutumia ukaribu huo na kuzungumza juu ya “misukumo na mivuto ya moyo”, huku akiliacha neno “Roho” litumike kwa Roho Mtakatifu pekee. Usemi “kupima mivuto ya moyo” ni mrefu kuliko “kupambanua roho”, lakini wingi wake unaonekana, na kitenzi “pima” kinamrudisha msikilizaji kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu, ambako hakuna anayeona aibu kupima.

6. Faraja na ukiwa mbele ya waliofiwa

Jozi ya maneno yenye madhara makubwa zaidi ni “faraja” na “ukiwa”. Kwa jozi hiyo watafsiri wametaja hali mbili ambazo Ignas huzijengea kanuni zake. Kwake, hali ya kwanza ni kila ongezeko la imani, tumaini na mapendo, hata likija pamoja na machozi ya kuzilaumu dhambi. Hali ya pili ni kinyume chake: giza, kuvutwa na mambo duni, uvivu, kukosa tumaini. Kanuni ya tano inaagiza kwamba mtu aliye katika hali ya pili asibadili uamuzi wowote alioufanya kabla.

Katika Kiswahili, hata hivyo, faraja ni kile kinachopelekwa matangani. Ukiwa ni hali ya mkiwa, mtu aliyeachwa peke yake baada ya ndugu zake kuondoka, au hali ya nyumba isiyo na mtu tena. Kwa msikilizaji wa Oicha au Mbau maneno haya si sitiari hata kidogo. Mjane aliyempoteza mume wake shambani anapohudhuria mafungo na kuambiwa kwamba ukiwa ni kazi ya roho mbaya, atasikia kwamba maombolezo yake ni kishawishi. Akiambiwa kwamba katika ukiwa haifai kubadili uamuzi, anaweza kuelewa kwamba asihame kijiji chake, ingawa usalama wa watoto wake unadai ahame leo. Kanuni iliyotungwa ili kumlinda mtu asiiache nia njema kwa sababu ya uchovu wa sala inageuka kuwa mzigo juu ya mtu ambaye huzuni yake ina sababu iliyo wazi na ya haki. Machozi yake yanaweza kuwa mapendo yaleyale yanayoendelea baada ya kifo, na kwa kipimo cha Ignas mwenyewe hayo yangekuwa upande wa kwanza, si wa pili.

Hapa tafsiri haikukosea neno kwa neno. Kamusi ingeikubali. Imekosea kwa kutotazama ni nani atakayeisikia. Kwa kuwa Ignas anazieleza hali hizo kwa kuongezeka na kupungua kwa imani, tumaini na mapendo, majina ya kitenzi yangefaa zaidi: “kuhuika” na “kufifia”. Imani huhuika, tumaini hufifia. Maneno hayo hayagusi msiba wa mtu. Yanaonyesha mwendo badala ya hali iliyoganda, nayo yanamwezesha mfiwa kusema sentensi ambayo jozi ya zamani inaizuia: “Ninalia, lakini imani yangu haijafifia.”

7. Mnyororo wa -ka-

Kipengele cha mwisho ni cha masimulizi. Ushuhuda katika kikundi cha sala hufuata kanuni za hadithi ya Kiswahili: hufunguliwa kwa -li- na kuendelezwa kwa -ka-. “Nilikuwa nasali, likanijia neno juu ya mto, nikaona ni mto wetu, nikajua kuna hatari, nikaja kuwaambia.” Uzuri wa -ka- ni kuunganisha tukio na tukio bila kusimama. Ubaya wake, katika jambo hili, ni huohuo. Kilichopokewa ni neno juu ya mto tu. Kwamba mto huo ni ule wa kijijini ni tafsiri, kwamba kuna hatari ni hitimisho, na kuja kuwaambia wengine ni uamuzi. Kiambishi kimoja kimevifunga vyote vinne katika kamba moja, na msikilizaji hupokea vyote kwa mamlaka ya cha kwanza.

Ignas aliijua hatari hii ingawa hakuijua sarufi hii. Katika kanuni ya mwisho ya kundi la pili anaagiza kwamba wakati wenyewe wa neema utenganishwe kwa makini na wakati unaofuata, ambapo mtu, akiwa bado na joto la neema hiyo, hutunga mipango yake mwenyewe. Ndiyo maana pia anataka mtu atumie robo saa baada ya kila tafakari kuangalia jinsi ilivyokwenda. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuigeuza kanuni hiyo kuwa zoezi la lugha. Msemaji aombwe kukata mnyororo: “Hadi hapo lilinijia. Kuanzia hapo nilifikiri.” Anayeweza kuzitamka sentensi hizo mbili amekwisha kufanya nusu ya kazi ya kupambanua.

8. Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba tahadhari hizi ni za wasomi, na kwamba imani ya watu wa kawaida huzungumza kwa uhakika, kama manabii walivyozungumza. Jibu ni kwamba Kanisa lenyewe halizungumzi kwa uhakika huo. Katika kanuni zilizotolewa Mei 2024 na Idara ya Mafundisho ya Imani juu ya matukio yanayodhaniwa kuwa ya kimungu, hukumu iliyo ya juu kabisa ambayo kwa kawaida askofu anaweza kuitoa ni kwamba hakuna kizuizi. Kwa utaratibu huo hatamki kwamba tukio limetoka kwa Mungu. Ikiwa askofu, baada ya uchunguzi mrefu, hutosheka na kusema “hakuna kizuizi”, muumini hapungukiwi na kitu akisema “limenijia wazo”. Papa Fransisko naye, katika katekesi zake juu ya upambanuzi kuanzia Agosti 2022 hadi Januari 2023, aliueleza upambanuzi kama kazi ya kila mwamini.

Pingamizi la pili ni la adabu. Kijana hawezi kumuuliza mama mzee “na nani?” anaposema ameambiwa. Swali hilo lingekuwa matusi. Pingamizi hili ni zito kuliko la kwanza, lakini adabu hiyohiyo ina njia zake. Kuuliza si ujinga, mradi swali lichaguliwe. “Mama, neno hilo lilikujia lini?” “Lilikukuta ukitafakari somo gani?” “Tangu siku hiyo moyo umetulia au unasumbuka?” Maswali hayo hayaugusi ukweli wa msemaji. Yanamheshimu kama shahidi, na wakati huohuo yanafuatilia mwanzo, kati na mwisho wa wazo. Kiongozi wa mafungo, ambaye Ignas anamtaka awe kama mizani iliyosimama katikati bila kuegemea upande, hana haja ya kuuliza zaidi ya hayo.

9. Hitimisho

Tahakiki hii imeonyesha kwamba ugumu wa kuzungumza kwa Kiswahili juu ya maongozi ya sala hautokani na umaskini wa lugha. Unatokana na uteuzi. Nomino zilizoteuliwa ni kubwa mno kwa jambo linalotajwa. Kauli ya kutendwa humficha mtenda mahali ambapo haifai afichwe, “roho” hubeba maana nyingi kupita kiasi, “faraja” na “ukiwa” huwagonga waliofiwa, na -ka- hufuta mpaka kati ya kilichopokewa na kilichoongezwa. Dhidi ya kasoro hizo lugha imetoa “misukumo na mivuto ya moyo”, “limenijia”, “kupima”, “kuhuika” na “kufifia”, yote yakiwa maneno yanayoeleweka na mkulima wa Lubero pasipo maelezo marefu.

Kazi iliyobaki ni ya watu wawili ambao kwa kawaida hawakai meza moja: mtaalamu wa Kiswahili na mwalimu wa sala. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kiko mahali panapofaa kuwakutanisha. Orodha fupi ya istilahi, iliyojaribiwa kwanza katika mafungo ya parokia mbili tatu, pamoja na wafiwa na wakimbizi miongoni mwa wasikilizaji, ingekuwa na manufaa kuliko kamusi kubwa iliyotungwa ofisini. Kipimo cha mafanikio yake kitakuwa rahisi. Siku mtu atakaposimama katika kikundi cha sala na kusema kwamba limemjia wazo, na mwenzake akamuuliza kwa upole lilimjia lini, bila yeyote kuona kwamba imani imetukanwa, istilahi hizo zitakuwa zimefanya kazi yake.